Kadi ya Jiwe la Komba

Yei Kpakima alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomtoa mtoni kwenye kuosha kokoto ukamkalisha kwenye kiti. Kwa miaka kumi na mmoja aliandika kadi katika ofisi ya mnunuzi mmoja pale Koidu, mji wa machimbo ya almasi, mnunuzi aliyejitapa kwamba mawe machafu, yale ya vita, hayagusi. Kila almasi iliyopita mezani kwa Yei ilisafiri na kadi yake mpaka kwa wachumba wanaonunua pete nchi za mbali: nani kaichimba, ana watoto wangapi, anapenda nini. Chini yalikuwepo maswali manne. Je, kuna silaha shimoni? Hapana. Je, kuna watoto wanaochimba? Hapana. Je, kuna aliyelazimishwa? Hapana. Je, mchimbaji ameridhika? Ndiyo. Yei aliweza kuyajaza huku anapiga soga. Vita alivijua, vilimchukua baba yake, kwa hiyo ile hapana ya kwanza aliiandika kwa moyo mweupe. Zilizobaki ziliifuata tu.

Jumatatu moja, mvua zilipoanza, ukuta wa shimo la Pa Safea uliporomoka ukamfukia Komba, mdogo wake Yei wa tumbo moja. Wenzake watano waliruka. Yeye alikuwa ameinama. Siku hiyohiyo maji yakajaa juu yake. Pa Safea, mwenye shimo, aliyekuwa akiwalisha wachimbaji wali na kuwaahidi mgawo jiwe likipatikana, alikuja, akavua kofia, akalia kweli. Kisha akaihamisha pampu yake ya kuvuta maji kwenye shimo lake jingine ng'ambo ya mto, kwa sababu huko nako maji yalikuwa yanapanda.

Yei hakulia. Aliyangoja machozi kama anavyongojwa fundi aliyesema yuko njiani, mwisho akaacha kuyangoja. Alikwenda kazini, akala, akapiga pasi nguo zake. Alikuwa amekufa ganzi, na wala haikumsumbua. Aliyehangaika ni mama yao. Aliloweka mchele wa kutwanga unga wa sadaka ya mazishi, mchele ukachacha, akawamwagia kuku, akaloweka mwingine. Kila Yei alipoingia mlangoni aliulizwa neno moja.

"Umemleta?"

"Bado, mama."

"Haya. Kuku wamepata tena."

Siku ya tisa wachimbaji waliosha kokoto zilizokuwa zimeshatolewa kabla ya ukuta kuanguka, wakapata jiwe. Lilikuwa kubwa kama punje ya mahindi, jeupe, halina doa. Lebbie, mkuu wa ofisi, aliliweka mezani kwa Yei pamoja na picha ya Komba iliyopigwa mwanzo wa msimu, Komba anacheka, koleo begani.

"Pole tena, dada yangu," alisema. "Hii iandike vizuri. Ndege ni Ijumaa."

"Niandike Komba?"

"Shimo alichimba yeye, picha ni yake. Andika anapenda mpira. Si alikuwa anapenda?"

"Alikuwa anapenda."

"Basi. Uongo uko wapi hapo?"

Yei akayapitia maswali. Silaha, hapana. Watoto, hapana. Kulazimishwa, hapana. Uongo haukuwepo popote, na kama kuna kitu kilichomshangaza siku zile ni hicho. Kumbe mtu anaweza kulala chini ya kifusi na kadi isimuulizie. Alipofika swali la nne aliweka kalamu chini.

"Siandiki mpaka pampu irudi. Komba atoke kwanza."

Lebbie alicheka, akidhani ni uchungu unasema. Alipomtazama usoni akaona uchungu haupo, akaogopa. Kadi zote zilibeba sahihi ya Yei, na kule ziendako waliijua; bila sahihi hiyo jiwe la Pa Safea halingenunuliwa. Akampigia simu Pa Safea, naye akafika na tope mpaka magotini.

"Yei, mwanangu, ndiyo unanikaba koo?"

"Nakuomba pampu, Pa."

"Unaijua pampu ile wewe? Inakunywa petroli kushinda mlevi wa sikukuu! Watu watachimba siku tatu wanatafuta maiti, wali nani atawapa?" Akakuna kidevu. "Sikia. Nairudisha. Lakini kokoto zitakazotoka juu yake tunaziosha, kapu kwa kapu. Zikitoa kitu, fungu la Komba nampelekea mama yako mwenyewe. Mimi si mnyama."

Yei aliona ni maneno ya haki. Akasema sawa.

Pampu ikanguruma siku mbili, maji yakashuka. Yei aliomba ruhusa ofisini, akawapikia wachimbaji wali na kisamvu cha mawese, akasimama ukingoni. Kapu lilipopanda, watu wa chini waliacha kuchimba mpaka lioshwe. Hakuna aliyelalamika, naye Yei hakulalamika. Siku ya tatu muoshaji mmoja alikatwa kidole na chupa, na Yei, bila kuombwa, akapandisha kitenge akaingia majini kulishika chekeche.

Mikono haikuwa imesahau. Unazungusha, unatikisa, unalipindua chekeche juu ya mchanga, na mawe mazito yanakaa katikati. Akapindua moja, akapindua la pili. Kwenye la saba moyo ulianza kumwenda mbio. Tangu Jumatatu ile hakuwa amesikia kitu chochote kifuani, na sasa alisikia. Alijua ni tamaa, wala hakuona haya.

"Ma Yei!" aliitwa kutoka shimoni. "Tumeona mkono! Tumemfikia! Njoo umtambue ndugu yako!"

Katikati ya kokoto kulikuwa na kitu kinachometa, labda kipande cha chupa, labda jiwe. Yei aliinama zaidi, akazitenga kokoto kwa ncha ya kidole.

"Ngojeni kidogo," akasema, bila kuinua kichwa. "Ngojeni kwanza, hili sijamaliza."