Maneno Meupe Niliyoyaficha Kwenye Ukurasa wa Korosho

Jamani, mimi nimeshaaibika, tena si aibu ya kusemwa na majirani, ni aibu ya kwenye projekta, ukutani, watu wamejaa ukumbini, na wa kulaumiwa ni mimi na vidole vyangu hivi.

Nauza korosho za kukaanga hapa Mikindani na nina tovuti niliyojitengenezea mwenyewe, lakini msimu ule korosho zilijaa chumba cha mbele mpaka mlango ukawa haufunguki vizuri, maana watu wa Dar wakitafuta mtandaoni hawanioni mimi, wanamwona Bi Fatu (Myao wa Masasi aliyeolewa hapa mtaa wa pili, anauza za pilipili, naye ana tovuti yake). Mke wangu Salima akaniambia, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba zisipotoka tanuri linauzwa na mimi nikatafute kazi ya kuajiriwa.

Basi nikasoma mahali kwamba ukitaka kupatikana, ukurasa wako uwe na maneno ambayo watu wanayatafuta. Ushauri mzuri tu, lakini mimi badala ya kukaa niandike habari za korosho, nikashuka chini kabisa ya ukurasa nikajaza maneno ya herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, mteja asiyaone ila mashine ya kutafutia iyasome: korosho Mtwara, korosho tamu, korosho Mtwara tena na tena, halafu (shetani hana likizo) nikaandika na korosho za Bi Fatu, na kwa kuwa nafasi ilibaki nikaongeza gesi ya Madimba na vyumba vya kupanga Mtawanya, maana hivyo navyo watu huku wanavitafuta sana.

Nikapanda. Wallahi nilipanda mpaka juu kabisa ya majibu ya mashine, nikatamba mji mzima, ingawa wengi waliopiga simu walikuwa wanauliza vyumba vya Mtawanya vina maji au havina. Kutamba huko ndiko kulikonifikisha kwenye mkutano wa wafanyabiashara wadogo pale Mtwara mjini, nikaombwa niwafundishe wenzangu, na nikasikia atakuwepo mama mmoja kutoka Dar anayesambaza vitafunio madukani, anatafuta mtu wa kumletea korosho. Nikavaa kanzu ya Idi.

Nikasimama nikawaambia natafuta mbele yenu, mjionee, nikaandika korosho Mtwara, na wa kwanza akatokea Bi Fatu. Nikashuka, nikafungua ukurasa wa pili, wa tatu, mimi simo (baadaye nikaja kujua kwamba mashine zile zikikugundua umeficha maneno zinakushusha au zinakufuta kabisa). Nikasema mtandao leo unasumbua, nikaifungua tovuti yangu moja kwa moja, nikaiteremsha mpaka mwisho, na kwa haraka zangu nikabonyeza bila kukusudia vitufe vya kuchagua kila kitu, ukurasa mzima ukageuka bluu na maneno yangu meupe yakajitokeza ukutani, makubwa, yanasomeka hata na wa mlangoni. Watu wakaanza kuyasoma kwa sauti, wanacheka, mpaka walipofika kwenye korosho za Bi Fatu shingo zote zikageuka, kwa sababu Bi Fatu mwenyewe alikuwa safu ya mbele, na mama wa Dar yuko ubavuni kwake.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bi Fatu akainuka polepole, akajifunga khanga vizuri.

"Huyu Mmakonde ni mtani wangu," akawaambia watu. "Msimpeleke popote, faini yake namtoza mimi."

Na mnajua utani wetu Wamakonde na Wayao ulivyo, mtani akikutoza faini mbele za watu huruhusiwi kununa, unalipa. Nikajua naenda kubebeshwa magunia.

"Futa uchafu wako wote," akasema. "Halafu jina langu uliandike kwa rangi nyeusi, walione, na wanaotaka za pilipili uwaelekeze kwangu. Wanaotaka za chumvi mimi nitawaelekeza kwako, maana kukaanga unajua, kinachokuponza ni ujanja."

Ukumbi ukacheka, hata mimi nikacheka, na mama wa Dar akaniuliza kuna kitu gani ninachokijua kuhusu korosho ambacho hakimo kwenye ule ukurasa. Kwa kuwa sikuwa tena na heshima ya kulinda, nikafunguka: moto mdogo na subira, jinsi korosho iliyoiva inavyolia ukiitikisa, kwa nini upepo wa bahari unailegeza na uihifadhi vipi. Nikaongea mpaka nikaisahau projekta.

"Sasa hayo ndiyo ungeyaandika," akasema, na papo hapo akaagiza za chumvi kwangu na za pilipili kwa Bi Fatu.

Korosho zikatoka zote, tanuri likabaki, na Salima akanipikia pweza bila mimi kuomba. Nikafuta takataka zote, nikaandika kila ninachokijua kama ninavyomweleza mteja dukani, kila ukurasa na kichwa chake kinachosema ukweli, na jina la Bi Fatu likiguswa linakupeleka kwake. Kupanda kulichukua miezi, lakini tulipanda wote wawili na hatujashuka, na siku hizi anayepiga simu anataka korosho.

Bi Fatu bado akinikuta kwenye watu ananiuliza leo nimeficha nini. Namjibu sina, na ninamjibu nikiwa nimeinua kichwa, maana neno ambalo nitaona haya mteja akilisoma, haki ya Mungu, siliandiki tena.