Mbuzi Asiyetoka Bunju ila kwa Ndoa

Nilifunga safari kwa sababu utafiti wangu ulikuwa unaelekea kuharibika. Nilitaka kujua mbuzi wa asili wa Pwani walitoka wapi, na asili hiyo husomwa kwenye ukoo wa kike, kwani vipo vinasaba ambavyo mtoto huvirithi kwa mama tu. Lakini kila mbuzi niliyempata Temeke alikuwa ameletwa na lori kutoka bara, anasubiri pilau. Msimamizi wangu akasema nipate ukoo wa Pwani au nibadilishe mada.

Mwenge, asubuhi, muuza supu alinielekeza kwa Bi. Mwanahawa wa Bunju. "Ila sista, yule hauzagi majike. Nimembembeleza mpaka nimechoka."

Bunju niliingia adhuhuri. Nilimwamkia bibi, nikatoa bahasha ya kuwekea sampuli, nikaomba nywele chache za mbuzi wake. Hapo nilikosea.

"Ukazifanyie nini?"

"Nikazipime, bibi."

"Hata mchawi hupima."

Hata hivyo alinikaribisha chakula. Tukiwa mkekani akaniuliza kama nimeolewa. Nikamjibu harusi ni mwezi ujao. Akaniambia kwao binti akiolewa huondoka na mbuzi jike kutoka banda la mama yake. Yeye alikuja na wake, mama yake vilevile, na bibi yake.

"Mie nimezaa wanaume watupu," akasema. "Nikifa, hawa wote watachinjwa arobaini yangu."

Nikasahau kutafuna. Ukoo wa kike niliokuwa nautafuta ulikuwa unapiga kelele nyuma ya nyumba.

Alasiri alimfunga kamba jike mdogo wa kahawia, akanikabidhi. "Nywele simpi mgeni. Mwanangu nampa mbuzi mzima. Hauzwi, hachinjwi, na ukipata binti, akiolewa umpe jike." Nililia mbele yake bila aibu.

Temeke tulirudi kwa bajaji, mbuzi akitafuna khanga yangu njia nzima. Nywele zake zilifika maabara na mada yangu ikabaki. Nilijifunza kwamba ukoo huu umedumu kwa sababu wanawake wamekuwa wakiondoka nao wanapoolewa.

Wiki ya harusi baba mkwe alifika kutoka Singida. Akambonyeza mbuzi mgongo, akaulizia kisu.

"Huyo ana mwenyewe, baba," nikamwambia. "Ni wa mjukuu wako wa kike, siku atakapoolewa."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Basi mkatieni majani," akasema. "Asije akakonda kabla bibi harusi hajazaliwa."