Ng'ombe wa bibi yuko zahanati

Jamani, leo asubuhi simu yangu imeniambia ng'ombe wa bibi yuko zahanati!

Bibi anakaa Mgori, mimi niko Singida mjini. Yule ng'ombe nilimfunga shingoni kidude cha bei rahisi chenye laini ya simu, kinanionyesha alipo.

Nikampigia simu mbio mbio. "Bibi, ng'ombe kaibiwa!"

"Salamu kwanza."

(Huyo ndiye bibi yangu.)

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ng'ombe yuko zizini. Kidude nimekivaa mimi, nimekuja kupima presha."

Nikacheka. "Sasa bibi, umekivaa cha nini?"

"Ng'ombe akisogea kidogo tu, unapiga simu. Nikasema leo nisogee mimi."



Niko stendi, natafuta gari la Mgori.

Wewe bibi yako umempigia leo?