Jina Juu ya Mlango wa Benki

Kila nikipita Kiwengwa nikauona ule ubao juu ya mlango wa benki, roho hunichafuka. Nasema kweli, sitii chumvi.

Benki ile ilianzia chumbani kwa shoga yake mama, mkulima wa mwani. Alizitoa nguo zake kwenye kasha lake la arusi, akazifunga ndani ya shuka, na kasha akalitoa liwe la kuwekea akiba za wanawake wenzake. Wakitia, wakikopeshana bila ya riba. Alipofariki, wenzake waliapa kwamba siku wakijaaliwa benki, itaitwa kwa jina lake. Hakuacha mtoto, na mama alikuwa akisema hiyo ndiyo njia pekee ya yeye kuendelea kutajwa.

Benki wakajaaliwa. Tajiri mmoja wa mjini alitoa mabati na saruji, basi akaombwa aje kuifungua. Nami nikatoka Mji Mkongwe kwenda kukaa na mama siku hiyo. Pazia likavutwa. Ubaoni, jina la mama yake tajiri! Bibi huyo sote tunamjua: ndiye aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba akisema kasha lile haramu, asitie mtu. Sasa ameketi mbele kwenye kiti cha mto, anapepewa.

Tajiri hakunishangaza. Walionitia kinyaa ni wale wale walioapa, wanapiga vigelegele kwa sababu ya kanga walizogaiwa mlangoni. Mwenye njaa hana miiko, lakini wale hawakuwa na njaa. Niliwaangalia nikaona aibu kuwa nimewahi kula vyunguni mwao.

"Mama, tuondoke. Nshakirihika."

"Kaa kitako, mwanangu. Nshaambiwa niifunge shughuli kwa dua."

Akapewa kipaza sauti. Hakumshukuru mtu.

"Jamani, tumsomee Fatiha marehemu mwenye benki hii."

Mikono ikainuka kwa mazoea, ya tajiri ikiwa ya mwanzo. Midomo ilikwishaanza kucheza ndipo watu wakatambua, wakaanza kutazamana, na kanga mpya zikavutwa usoni. Lakini Fatiha nani ataikatiza? Bibi wa kiti cha mto peke yake hakuinua mikono. Alimvuta mwanawe kanzu, na katika kimya kile sote tukamsikia:

"Kwani mie nimekufa lini?"