Baba mkwe alinisukuma ziwani kwa ajili ya ndagala, nikawa nimebatizwa

Wakuu, habari za saa hizi. Hii si chai, mke wangu yuko pembeni anasoma kila ninachoandika.

Mimi ni mtu wa Kilembwe, mbali na ziwa, kwetu maji yanakaa kwenye ndoo. Nikampenda binti wa Ubwari, rasi ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, kwenye kijiji cha wavuvi ambacho bila boti hufiki.

Baba yake, mzee wa kanisa, akasema wazi: hakuna harusi mpaka nizamishwe ziwani, kichwa na vyote. Na mchungaji huvuka kutoka mji wa Baraka kwa nadra.

Siku ikafika. Wana kaufukwe kao nyuma ya mawe, kamejificha, kazuri mpaka unacheka mwenyewe. Kwaya inaimba, mimi na kanzu nyeupe, maji kifuani. Niliogopa jamani.

Mchungaji kanishika shingo, kafika "kwa jina la Baba", mama mmoja akapiga kelele:

"Ndagala! Ndagala iko inakuya!"

Hao ni dagaa wetu wa Tanganyika. Kundi zima lilikuwa linakimbizwa ufukweni na samaki wakubwa, maji yanachemka.

Wakuu, wimbo ulikatika hapohapo! Bamama wakafungua vitenge vya juu, wakaingia kuchota. Mchungaji akaniachia. Baba mkwe, mzee wa heshima zake, akaja mbio na koti lake, akanikumba, nikaenda chini mzima mzima.

Nikaibuka nakohoa, kanzu imejaa dagaa mpaka kwapani. Nikamwona mchumba wangu anakuja mbio, nikajua naokolewa. Akakung'uta dagaa wote kwenye beseni lake, akaondoka!

Baadaye nahodha wa boti ya mchungaji anaita, upepo umeanza. Mchungaji akasema basi, tutamalizia safari ijayo. Moyo ukaniporomoka. Safari ijayo ni lini?

Baba mkwe akauliza, "Pasta, jina ya Baba ulisema?"

"Nilisema."

"Na Mwana, na Roho?"

"Nilimalizia nikiwa nakimbia."

"Basi. Mi ndo nilimuzamisha, niliona kichwa inapotea yote. Huyu iko mutoto yangu sasa."

Nililia na kucheka kwa pamoja, na kamasi juu.

Funzo: ukienda Ubwari, usisimame kati ya mtu na ndagala wake, hata kama ni mtumishi wa Mungu.

Wajuzi wa maandiko mwageni maoni: mimi nimebatizwa na nani hasa? Jibuni mnavyotaka, nimeshaoa.