Sufuria Haifiki Cluj

Asimina alipokubaliwa na vyuo viwili vya udaktari, kimoja Sofia, Bulgaria, na kingine Cluj, Romania, mama yake hakuuliza vinafundisha vipi. Aliuliza basi linafika wapi.

"Sofia linafika," akajijibu mwenyewe, mikono imejaa wali wa kujazia pilipili hoho. "Kila Jumatano. Nimeshaongea na dereva, Bwana Pandelis. Sufuria yako ataiweka mbele, karibu na miguu yake."

"Mama, nakwenda kusomea udaktari, siendi kulishwa."

"Na daktari asiyekula umemwona wapi?"

Ndivyo ilivyo pale Serres, kaskazini mwa Ugiriki. Mtoto akienda kusoma mbali, chakula cha nyumbani humfuata kwa basi, tangu enzi za mabasi yaliyobeba kuku juu ya keria. Kaka yake Asimina alisoma Athene, na miaka yote ile hakuchemsha hata yai. Leo ni mhandisi mzima, na yai bado hajui.

Asimina alitaka Cluj. Vyuo vyote viwili hufundisha kwa Kiingereza, lakini ukifika mwaka wa tatu unapelekwa wodini, na mgonjwa hana habari na Kiingereza. Huyo analia kwa lugha ya kwao. Kibulgaria Asimina hakijui hata salamu. Kiromania nacho hakukisoma, ila alilelewa na Bibi Sultana, mama wa mama yake, na bibi ni Mvlaki, wa jamii ya wachungaji wa milimani. Lugha yake ya nyumbani na Kiromania ni kama watoto wa tumbo moja. Hilo Asimina alilisema asubuhi, akalisema mchana, mpaka koo likamkauka.

"Kivlaki!" mama akacheka. "Lugha ya kuitia kondoo. Bibi yako alichapwa shuleni kwa ajili yake, leo wewe ndiyo ukatibie watu?"

Mjomba Lazaros, aliyekuwa akila bila kualikwa, akadakia, "Sofia ni hapo tu. Ukiumwa, nawasha gari nakuja."

"Gari gani, Mjomba? Hilo linalosukumwa kila asubuhi?"

"Linasukumwa, lakini linafika!"

Na kesho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuvijibu vyuo. Machozi yakamlenga Asimina, tena si ya huzuni, ya hasira. Kila aliyekuwa pale mezani alikuwa akifikiria tumbo la Asimina. La mgonjwa halikuwa na wa kulifikiria.

Akachukua simu, akafungua somo moja la video ambalo chuo cha Cluj kimeliweka wazi kwa kila mtu: kikongwe amekaa kitandani, anazungumza Kiromania na mwanafunzi anayemuuliza habari za goti la kulia. Akaongeza sauti makusudi. Bibi Sultana alikuwa pembeni akichambua maharage, naye alikuwa upande wa Sofia, maana ile sufuria kubwa ya safari aliitoa yeye.

"Mwambieni huyo mtoto aliache hilo goti," bibi akasema bila kuinua kichwa. "Mwenzake si kasema unaomuuma ni mguu wa kushoto? Tena tangu alipoanguka zizini."

Asimina akasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Mguu wa kushoto. Zizini.

"Umesikia, Mama? Na bibi hajawahi hata kuvuka mpaka!"

Mjomba akaacha kutafuna. Mama akatazama simu, akamtazama mama yake.

"Nimesikia," akasema kwa uchungu. "Na sufuria je?"

Bibi akainuka, mkono kiunoni. Akaichukua sufuria yake kubwa, akairudisha kabatini, akausukuma mlango kwa goti mpaka ukafunga.

"Atachemsha yai mwenyewe," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Asimina akawajibu Cluj palepale. Hakuna aliyempongeza. Mama aliendelea kuzishindilia zile pilipili wali kama anayeziba mashimo ya panya.

"Sasa Bwana Pandelis nitamwambia nini?" alisema. "Nimeshampa sinia zima la pai."