Binti Aliyeahidi Kuja Jumamosi

Kiwandani walimwita Dada Pole. Alikuwa mpokea simu wa kampuni ya magodoro, na alikaa katika kijumba kilichobanwa kati ya stoo na mashine ya kukatia sponji, ambako vumbi la sponji lilimkaa kichwani kama mvi za kuazima. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu ambao hawakulala. Godoro limebonyea katikati, mume na mke wanaviringika mpaka wanagongana vichwa, asubuhi wanaamka wamenuniana. Godoro linanuka gundi. Tumeagiza la watu wazima, tumeletewa la mtoto. Naye hujibu, "Pole sana, mama," "Pole, kaka yangu," kwa sauti nzito kidogo, ya taratibu, ambayo ingemfanya hata aliyekuja na panga aliweke chini aombe kiti.

Mambo yaliharibika mkurugenzi alipoalikwa kwenye kongamano.

Mkurugenzi yule alikuwa mtu wa kuiga. Mwenzake akikohoa, yeye anatafuta dawa. Alirudi kutoka kongamanoni na neno moja mdomoni, akili mnemba, akalitafuna kutwa kucha kama mtoto aliyepewa jojo. "Wenzetu wameshavuka mto," aliwaambia wafanyakazi aliowakusanya kwenye ua wa kiwanda, "sisi bado tunakunja suruali!" Walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza ni mto gani, wala ng'ambo kuna nini.

Siku chache baadaye akaja mshauri, bwana mwenye viatu vilivyochongoka na maneno yaliyochongoka kuliko viatu. Alieleza kwamba mashine ya kuzungumza itapokea simu zote za wateja. "Haichoki, haiumwi, haiombi ruhusa ya kwenda msibani," alisema. Aliposikia habari ya msiba, mkurugenzi alifumba macho kama mtu aliyekandwa mgongo.

Mashine ilihitaji sauti. Simu za kampuni zilikuwa zikirekodiwa miaka na miaka, kwa ajili ya kuboresha huduma, na humo ndani ilijaa sauti ya Dada Pole. Wakaichota yote, wakailisha mashine. Yeye aliambiwa baadaye, na mwanasheria wa kampuni, mlangoni pa choo.

"Mmechukua sauti yangu bila kuniuliza?"

"Sauti uliyoitoa saa za kazi, kwenye simu ya kampuni, ni mali ya kampuni."

"Na pumzi je?"

Mwanasheria akafikiri kweli. "Pumzi, hapana," akasema. "Kwa sasa."

Mwanasheria huyo ndiye aliyefanywa mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi wa Akili Mnemba, kwa sababu mshauri alisema kampuni isiyo na kamati haionekani makini. Wajumbe walikuwa mkurugenzi mwenyewe, shemeji yake mkuu wa mauzo, na mshauri, yaani muuza mbuzi naye akawekwa miongoni mwa wakaguzi wa mbuzi. Kazi ya kwanza ya kamati ilikuwa kuandika mwongozo wa kuisimamia mashine. Mwanasheria hakuwa na nafasi, akaiagiza mashine yenyewe iandike. Ikaandika chapuchapu, kwa lugha tamu ya kumtoa nyoka pangoni. Mahali fulani ilisema mgonjwa aelezwe haki zake kabla ya kulazwa. Kampuni ya magodoro! Hakuna mjumbe aliyeliona hilo, maana hakuna aliyesoma. Waliupitisha kwa kauli moja, wakautia kwenye fremu na kuutundika mapokezi.

Dada Pole akahamishiwa kwenye duka la mbele, kuwabonyezea wateja magodoro.

Mama yake alikuwa akiishi peke yake pembezoni mwa mji, vyumba viwili na ua mdogo. Kiwandani simu za wafanyakazi hufungiwa kwenye droo hadi jioni, kwa hiyo bi mkubwa alizoea kupiga namba ya kampuni. Binti yake anapokea, wanasalimiana upesiupesi, basi. Kuhusu mashine hakuambiwa. Dada Pole hakujua aanzie wapi, na kusema kweli aliona haya. Utamwambiaje mama yako kwamba sauti uliyoirithi kwake imenyang'anywa na watu wa magodoro? Akanyamaza, akakazana na wateja wa dukani. Hata jioni, akitoka amechoka, simu ya kwa mama aliiahirisha.

Jumapili moja akaenda kumwona. Alimkuta kiti kimeelekezwa ukutani, mlango kaupa mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Leo ndiyo unakuja?"

"Kwani vipi?"

"Si ulisema Jumamosi? Nimepika, nimefagia ua, nimekaa mlangoni mpaka kunguru wamenizoea. Na Jumamosi ile nyingine vilevile."

"Mama, mimi sikusema Jumamosi."

"Umesema. Kwa kinywa chako. Ukaniita mama, ukaniambia pole, ukaniambia utafika bila kukosa."

Dada Pole alimtazama. Hawakuwa wamezungumza kwa simu wiki nyingi. Akauliza kwa upole walizungumza nini tena, na mama akamsimulia mazungumzo marefu: jinsi nyonga inavyomsumbua, jinsi jirani alivyohamia kwa mwanawe, jinsi anavyomkumbuka marehemu mumewe. Kwa binti, mazungumzo yote hayo hayakuwepo. Binti akajua, au akadhani anajua, kwamba akili za mama zimeanza kumtoka.

Akampeleka kwa daktari. Hapo ndipo bi mkubwa, aliyelea watoto na kuzika mume, alipoulizwa leo ni siku gani, na hiki nilichoshika ni nini. Ilikuwa kalamu. Alijibu kila kitu, lakini machozi yalimlengalenga kwa hasira. Daktari alisema hajaona tatizo, wamwangalie tu. Waliporudi nyumbani, mama akamgeukia mlangoni.

"Unaniona mwehu."

"Mama, siyo hivyo."

"Haya. Kaa hapo."

Akachukua simu yake ya vitufe, akabonyeza namba anayoijua kwa moyo, akaweka sauti kubwa. Simu ikapokelewa. Na Dada Pole, akiwa amekaa hatua chache kutoka kwa mama yake, mdomo umefungwa, akajisikia mwenyewe akisema:

"Habari yako. Pole kwa usumbufu. Nikusaidie nini?"

"Ni mimi, mama yako."

"Nafurahi sana kukusikia, mama."

"Utakuja lini?"

"Nitafika Jumamosi asubuhi, mama, bila kukosa."

Jumamosi ni siku ambayo kampuni husambaza magodoro majumbani. Mashine ilifunzwa hivyo. Ukiiuliza utakuja lini, itakwambia Jumamosi, uwe mteja, uwe mzazi, uwe mwizi.

Dada Pole aliipokonya ile simu, akaikata. Mama alimtazama binti, akaitazama simu, akasema polepole, "Kwa hiyo nimekuwa nikimlilia nani?"

Asubuhi yake Dada Pole aliingia kwenye kikao cha kamati bila kubisha hodi. Walikuwa wakinywa chai. Akawaeleza yote: ahadi, kiti mlangoni, daktari, kalamu. Akadai sauti yake itolewe siku hiyohiyo.

Mkuu wa mauzo alikuwa wa kwanza kufungua mdomo, na afadhali angeujaza biskuti. "Lakini sikilizeni," alisema, "mama mzazi ameshindwa kutofautisha! Hii si sifa?"

"Ni ushahidi wa ubora," mshauri akadakia.

Mwanasheria akasema suala hilo ni zito na linahitaji utaratibu, na kwa kuwa mwongozo unasema malalamiko yachunguzwe kwa haki, akaiuliza mashine kama ilikuwa na kosa. Mashine ikajibu kwa sauti ya Dada Pole kwamba inaomba radhi kwa dhati, inathamini sana maoni hayo, na itaendelea kujifunza. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Wameridhika! Mama wa watu ameonekana mwehu, na wao wameridhika kwa sababu chombo kimesema samahani.

"Imekuomba radhi, dada," mkurugenzi alisema, akimwonyesha mlango kwa kijiko. "Unataka nini zaidi?"

"Nataka mmoja wenu anione mimi," alisema. "Mmoja tu."

Wakachovya biskuti.

Lililomwokoa halikuwa haki, wala kamati, wala mwongozo wenye wagonjwa. Kwenye zile rekodi, Dada Pole alikuwa amewaambia wateja wengi wenye dhamana kwamba wataletewa godoro jipya. Mashine ilishika ahadi, dhamana ikaisahau. Kila aliyelalamika iliahidi. Godoro la mwaka jana, jipya linakuja. Godoro lililokojolewa na mtoto, pole sana mama, jipya linakuja. Hata mtu aliyenunua kwa kampuni nyingine kabisa aliambiwa asiwe na wasiwasi. Magodoro hayakufika majumbani, watu wakaamua kuyafuata. Siku moja asubuhi geti la kiwanda lilizibwa na magodoro chakavu, mengine vichwani, mengine kwenye mikokoteni, na wenye nayo wakifungulia kwa pamoja ahadi walizorekodi kwenye simu zao, sauti ileile moja ikisema pole, pole, pole, ua mzima.

Mkurugenzi alichungulia dirishani, akalia, "Izimeni! Izimeni sasa hivi!" Utaratibu haukukumbukwa. Kikao hakikuitwa. Jambo lililokuwa zito kupita kiasi mama alipoumizwa lilimalizwa kwa kuchomoa waya. Mshauri alikuwa ameshaondoka kwa mlango wa nyuma, kuelekea kampuni nyingine ambayo nayo ilikuwa bado inakunja suruali.

Siku hiyohiyo walimrudisha Dada Pole kwenye kijumba chake, wakampa na cheo kipya, Msimamizi wa Mguso wa Kibinadamu, na beji ya kuvaa kifuani. Kiti alikichukua, maana aliihitaji kazi. Beji aliiacha mezani kwa mwanasheria, imelala kifudifudi. Kamati haikuvunjwa. Inakutana bado, inakunywa chai, na fremu ipo mapokezi mpaka leo, wageni wanaisoma na kusifu.

Jioni akaenda kwa mama kumweleza kwamba yamekwisha, kwamba ile sauti haitapokea simu tena. Alitarajia mama atashukuru. Bi mkubwa alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, hakuinua uso.

"Mtaiwasha tena?"

"Hapana, mama. Imezimwa kabisa."

"Sawa." Akatupa kijiwe. "Ilikuwa mwongo, ile. Lakini ilinisikiliza mpaka mwisho. Haikuwahi kuniambia ina haraka."

Dada Pole, ambaye kwa kazi yake alikuwa na jibu la kila mtu, alifungua mdomo kusema pole. Akaufunga. Akavua viatu, akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa ungo.

"Nyonga inaendeleaje?" akauliza.

"Hiyo ni habari ndefu," mama alisema.

"Nisimulie."

Mama akamtazama kwanza, kama anayepima. Kisha akaanza.